Hadithi ya Dola Kumi na Tisa

Mazungumzo ya nyumba za kupanga za umma hayafiki mbali kabla mtu hajauliza: mwekezaji ameleta kiasi gani? Huuliza diwani, huuliza mwandishi wa habari, huuliza mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu. Siku hizi muulizaji huja na jibu lake tayari. Marekani, atasema, kwa kila dola moja ya serikali mwekezaji binafsi aliweka dola kumi na tisa, na nyumba zilizokuwa zinaoza zikapona. Mbona sisi tunachelewa?

Wataalamu wa tathmini wamelisikia swali hili hadi wamechoka, na wana haki ya kuchoka. Nyumba ya umma ipo ili mtu wa kipato cha chini akae ndani yake kwa pango analolimudu, leo na miaka ishirini ijayo. Mpango wa kuihifadhi hupimwa kwa hilo. Fedha zilizopita kwenye akaunti siku ya kutia saini ni habari nyingine kabisa, na katika mkasa huu hata fedha zenyewe zilihesabiwa vibaya.

Mpango unaosifiwa hujulikana kwa herufi tatu, RAD. Bunge la Marekani liliuidhinisha Novemba 2011, wakati wa Rais Barack Obama. Haukuwa mpango wa kujenga. Tangu sheria ya 1998, mamlaka za nyumba za miji ya Marekani haziruhusiwi kutumia ruzuku ya serikali kuu kuongeza nyumba za umma zaidi ya idadi zilizokuwa nazo Oktoba 1999, kwa hiyo anayeuliza "zimejengwa mpya ngapi?" naye amepotea njia. Kazi ilikuwa kuokoa zilizopo, na hali yake ilikuwa mbaya. Utafiti wa 2010 uliofanywa kwa ajili ya Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji ulikuta kwamba nyumba za umma zipatazo milioni 1.1 zilikuwa na ukarabati uliolimbikizwa wa dola bilioni 25.6. Kila mwaka uchakavu ulikuwa ukiongeza mahitaji mapya ya dola bilioni 3.4, nalo Bunge likitoa kama bilioni 2. Nyumba zipatazo 10,000 zilikuwa zikipotea kwa mwaka, ama kwa kubomolewa, ama kwa kuuzwa, ama kwa kufungwa tu kwa kuwa hazikaliki.

Ndani ya jengo la ghorofa takwimu hizo zina sura yake. Boila ya miaka arobaini inazimika Januari, wakati wa baridi kali, na fundi anaiamsha kwa vipuri alivyong'oa kwenye boila nyingine. Bomba linavuja ndani ya ukuta. Inapakwa rangi juu ya ukungu, na baada ya miezi michache ukungu unatokeza tena palepale. Lifti inapokufa, bibi anayekaa ghorofa ya kumi na moja hashuki tena kwenda kliniki. Mamlaka ya nyumba haiwezi kukopa ili kurekebisha, kwa sababu jengo limefungwa na hati ya amana ya serikali kuu inayozuia lisiwekwe rehani, na ruzuku yake hupangwa upya kila mwaka kwa kadiri Bunge litakavyoona. Hakuna benki inayokopesha kwa ahadi ya namna hiyo.

RAD iligusa kitu kimoja: mkataba. Ruzuku mbili zilizokuwapo, ya uendeshaji na ya ukarabati, ziliunganishwa zikawa mkataba wa miaka 15 au 20, na unapoisha Wizara inalazimika kuuhuisha. Kiasi cha fedha hakikuongezwa. Kilishikwa pale kilipokuwa, kikawa kinapandishwa kidogo kila mwaka kufuata gharama za uendeshaji. Lakini benki ikioneshwa mkataba wa miaka ishirini wenye saini ya serikali, inafungua mkoba. Ufundi wote wa RAD upo hapo, na ni ufundi mzuri. Ukisikia jengo fulani limepata paa jipya kwa njia hii, shukrani ya kwanza iende kwa wanasheria walioandika mkataba huo.

Sasa tuzitazame hizo dola kumi na tisa.

Kiwango hicho hakikutungwa vijiweni. Kilikuwa kipimo cha Wizara yenyewe. Februari 2018 chombo cha ukaguzi kinachofanya kazi kwa niaba ya Bunge, yaani Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali, inayofahamika kama GAO, kilikaa na hesabu hizo na kuzipanga upya. Ilipotazama fedha za sekta binafsi peke yake, GAO ilipata dola 1.23 kwa kila dola 1. Mtu anaweza kudhani wakaguzi walifumania wizi. Hawakufumania wizi wowote. Walifumania namna ya kuhesabu, na inafaa namna hiyo ifunguliwe hatua kwa hatua, kwa sababu imeshavuka bahari na itaendelea kutumika.

Tuchukue jengo la mfano, la kufundishia tu, lenye nyumba 100. Gharama zote za kulikarabati ni dola milioni 12, na jedwali la fedha lina mistari minne. Benki inakopesha milioni 4. Fedha za nafuu ya kodi ya mapato ni milioni 5. Mamlaka ya nyumba inakubali hati ya deni ya milioni 2.4. Mamlaka hiyohiyo inatoa dola 600,000 taslimu kutoka akiba yake ya ukarabati. Anayetaka kichwa cha habari anazichukua zile 600,000, anaziita "fedha za serikali", anagawanya kwazo milioni 11.4 zilizobaki, na kumi na tisa imepatikana. Kugawanya hakuna kosa. Kosa liko katika majina aliyoyabandika kwenye kila mstari.

Tuanze na nafuu ya kodi, ambayo katika miradi ya RAD ndiyo fungu kubwa kuliko yote. Ilianzishwa na sheria ya kodi ya 1986. Serikali kuu humpa mwendelezaji wa nyumba za kipato cha chini haki ya kupunguziwa kodi ya mapato kwa miaka kumi. Mwendelezaji mwenyewe hana mapato ya kutosha kuitumia haki hiyo, kwa hiyo huiuza kwa benki au kampuni kubwa yenye kodi ya kulipa, na fedha za mauzo ndizo zinazonunua mabomba na madirisha. Kila dola ya nafuu inayotumika ni dola ambayo hazina ya taifa haitaipokea. Tena mnunuzi mara nyingi hulipa pungufu ya dola moja kwa kila dola ya nafuu anayoipata, na kabla fedha hazijafika kwenye jengo zimeshapita kwa wakili, mhasibu na dalali. Ni fedha za mlipakodi zilizopita mlango wa nyuma. Kuziandika kuwa mchango wa mwekezaji binafsi ni kumpa mtu sifa ya sadaka iliyotoka mfukoni mwa jirani yake.

Hati ya deni ni mstari wa ajabu zaidi. Nafuu ya kodi inamtaka anayeitumia awe na umiliki katika jengo, kwa hiyo mamlaka ya nyumba huliuza jengo kwa ubia ulioundwa kwa ajili ya mradi huo tu. Bei yake hailipwi. Huandikwa kuwa deni litakalolipwa miongo kadhaa baadaye, ikiwa fedha zitakuwapo. Siku ya kutia saini hakuna aliyetoa hata senti, na hakuna mfuko mmoja wa saruji ulionunuliwa kwa hati hiyo. Hata hivyo milioni 2.4 zinakaa kwenye jedwali zimesimama bega kwa bega na fedha taslimu, na anayejumlisha anazijumlisha.

Unabaki mkopo. Hapa benki imetoa fedha kweli. Swali ni nani atakayezirudisha, na jibu ni pango. Pango la nyumba hizi lina pande mbili: mpangaji hutoa takriban asilimia 30 ya kipato chake, na serikali hujaza pengo mpaka kufikia kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba. Kwa familia yenye kipato kidogo sana, pengo hilo ndilo sehemu kubwa ya pango lote. Maana yake benki imeitangulizia serikali fedha za serikali, kwa riba. Mwalimu anayechukua mkopo wa kukatwa kwenye mshahara akajenga Kibaha au Kitengela hasemi kwamba benki imemjengea nyumba. Anajua kila mwisho wa mwezi hati yake ya mshahara inasomekaje.

Basi sekta binafsi haina mchango? Inao. Inabeba hatari kwa muda: mradi ukikwama, mkandarasi akitoroka, gharama zikipanda, mnunuzi wa nafuu na benki wanaumia. Pia inaleta macho yanayolikagua jengo kila mwaka kwa kuogopa hasara. Hayo yana thamani, na yana bei, na bei hiyo imo ndani ya riba, ndani ya ada ya mwendelezaji na ndani ya faida. Mtunga sera anayesimama jukwaani na kutangaza kwamba mpango "hautugharimu kitu" hajasoma jedwali, au amelisoma na anatumaini wengine hawatalisoma.

Madhara ya hadithi hii ni ya vitendo. La kwanza, inawaondolea wabunge mzigo wa bajeti. RAD ilianza na ukomo wa nyumba 60,000. Ukapanda hadi 185,000, kisha 225,000. Machi 2018, mwezi mmoja tu baada ya ripoti ya GAO kuonesha kwamba kipimo kina kasoro na ufuatiliaji ni dhaifu, ukomo ukapandishwa hadi nyumba 455,000. Huenda uamuzi huo ulistahili. Lakini mjadala wa fedha za kutosha za ukarabati, zile bilioni za kila mwaka zilizokuwa pungufu, uliwekwa pembeni kwa imani kwamba amepatikana mtu mwingine wa kulipa.

La pili, kipimo cha dola huchagua majengo. Jengo lenye pango zuri la mkataba linabeba mkopo mkubwa na kupendezesha ripoti. Jengo lililochakaa kupita kiasi, katika mji ambao pango la mkataba ni dogo, halibebi mkopo wowote wa maana, na hilo ndilo lililokuwa likihitaji kuokolewa kwanza. Upande mwingine yapo majengo yaliyobadilishiwa mkataba bila kukarabatiwa kabisa. Yakihesabiwa pamoja na yale yaliyobomolewa na kujengwa upya, wastani unaotoka hauelezi hali ya jengo lolote.

La tatu ndilo zito. Ofisi ikiamua kuhesabu dola, watumishi wake watakusanya takwimu za dola. Hakuna atakayehesabu watu.

Hapa inabidi kurudi nyuma kidogo. Mpango uliotangulia RAD uliitwa HOPE VI, nao ulianza mapema miaka ya 1990. Ulibomoa mitaa mizima ya maghorofa ya umma, ikiwamo Cabrini-Green mjini Chicago, na mahali pake zikaja nyumba za mchanganyiko wa vipato. Katikati ya miaka hiyo ya 1990 Bunge lilifuta sharti la zamani la kujenga nyumba moja kwa kila moja inayobomolewa. Mitaa mipya ilipendeza, na picha za kabla na baada zilijaza ripoti. Wapangaji wa zamani wengi hawakurudi. Waliopewa hati za ruzuku walitawanyika wakitafuta wenye nyumba watakaozikubali, na wengine hawakujulikana waliishia wapi.

Walioandika RAD walikuwa wamelisoma somo hilo. Kanuni zake ni nzuri, na inafaa zisomwe na kila mtunga sera wa Afrika Mashariki anayezungumzia "uboreshaji". Mpangaji anayehamishwa kupisha ukarabati ana haki ya kurudi. Akirudi hachujwi upya. Haulizwi tena kuhusu madeni yake ya zamani wala rekodi yake ya polisi kana kwamba ni mgeni. Pango likipanda kwa sababu ya mabadiliko ya mkataba peke yake, na likazidi asilimia 10 au dola 25 kwa mwezi, kutegemea ipi ni kubwa, ongezeko hugawanywa kwa miaka mitatu au mitano. Idadi ya nyumba hairuhusiwi kupungua kwa zaidi ya asilimia 5 au nyumba tano, kutegemea ipi ni kubwa. Zipo hata dola 25 kwa kila nyumba inayokaliwa, kila mwaka, za kuwawezesha wapangaji kukutana na kujipanga, na angalau dola 15 kati ya hizo huenda kwa chama chao wenyewe kinapokuwapo.

Lakini kanuni inahitaji mtu wa kuikagua. GAO ilikuta kwamba Wizara haikuwa ikitumia mifumo yake ya data kwa utaratibu ili kujua familia zilizopita katika mabadiliko haya zimepatwa na nini: pango lao limepanda au limeshuka, wamehama, wamerudi, wametolewa. Wenye majengo waliagizwa waweke daftari la wapangaji wanaohamishwa, na Wizara haikuwa ikiyakusanya na kuyakagua kwa mpangilio. Hebu msomaji alitafakari hilo. Serikali inayoweza kusema kwa desimali ni dola ngapi zilizokusanywa kwa kila dola ilikuwa haiwezi kusema ni wapangaji wangapi waliorudi kwenye milango yao.

Tathmini kamili ilitolewa Oktoba 2019, ikiwa imefanywa na kampuni ya Econometrica kwa mkataba wa Wizara. Ina mengi ya kutia moyo. Hadi Oktoba 2018 nyumba 103,268 zilikuwa zimehamia kwenye mikataba mipya, na fedha zilizopatikana kwa ajili yake zilifika dola bilioni 12.6, takriban dola 122,000 kwa nyumba. Hali ya majengo iliboreka. Vitabu vya hesabu vilikaa vizuri. Zaidi ya yote, watafiti walilinganisha majengo yaliyoingia RAD na mengine yanayofanana nayo ambayo hayakuingia, na huo ndio msingi wa kazi hii: lazima ujue jengo lingekuwaje bila mpango. Bila ulinganisho wa aina hiyo mtu anapiga picha ya paa jipya na kuiita tathmini.

Hata hivyo, upo mtego ambao tathmini nyingi za nyumba huuingia, nao ni dodoso la kuridhika. Mtafiti anabisha hodi, anauliza kama jiko jipya limempendeza mpangaji, na mpangaji anajibu kwamba limempendeza sana. Jibu ni la kweli. Ila dodoso hujibiwa na aliyebaki. Aliyeondoka kwa deni la pango hayupo mlangoni kulijibu, na asilimia ya walioridhika inapanda kila mmoja wa namna hiyo anapotolewa.

Far Rockaway, pembezoni kabisa mwa New York upande wa bahari, kuna mtaa wa Ocean Bay: majengo 24 yenye nyumba karibu 1,400. Mwaka 2012 kimbunga Sandy kilileta bahari mpaka ndani ya vyumba vya mitambo. Desemba 2016 mtaa huo ukaingia RAD, na ukarabati wa dola milioni 325, sehemu yake zikiwa fedha za serikali kuu za maafa, ukaleta mapaa, mitambo ya joto, lifti, majiko na mabafu mapya pamoja na kinga ya mafuriko, huku wapangaji wakiendelea kukaa mlemle. Hakuna mtu wa haki anayeweza kuyabeza mabadiliko hayo. Januari 2022 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu mpango huu katika jiji la New York, na takwimu za utekelezaji wa amri za mahakama zilionesha dalili kwamba kutolewa kwa wapangaji kuliongezeka katika mitaa miwili iliyokabidhiwa mameneja binafsi: Betances huko Bronx, na Ocean Bay hiihii.

Habari zote mbili ni za kweli, na tathmini inayotaja moja tu imedanganya. Njia ya kutoka kwenye jiko jipya hadi barabarani haihitaji mtu katili. Mpangaji anapunguziwa saa za kazi. Kwa kuwa pango linafuata kipato, anapeleka karatasi ili lipunguzwe. Karatasi zinakaa mezani miezi mitatu, na muda wote huo pango la zamani linaendelea kuandikwa. Deni linaota pasipo na deni. Meneja wa zamani wa mamlaka angengoja, pengine kwa uzembe tu. Meneja mpya ana marejesho ya benki kila mwezi na mshirika anayesubiri hesabu, hivyo anakwenda mahakamani mapema. Anayepima dola hataiona safari hiyo hata kidogo, kwa sababu nyumba itapata mpangaji mwingine ndani ya wiki chache na mkataba utaendelea kulipwa.

Sasa vipimo vinavyofaa, kwa haraka. Kabla ya nyundo ya kwanza, andikwe kila mpangaji: jina, nyumba, pango, kipato, ukubwa wa familia. Orodha hiyo itunzwe na ofisi isiyo na faida katika mradi. Ikaguliwe baada ya mwaka mmoja, mitatu na mitano, na aliyeondoka atafutwe aulizwe kwa nini. Kesi za kutolewa zihesabiwe mahakamani, kwenye majalada. Taarifa ya meneja haitoshi. Ardhi isalie mikononi mwa umma au ya chombo kisichoruhusiwa kuuza. Sharti la pango nafuu lisajiliwe kwenye hati ya ardhi, lisimame juu ya rehani, ili benki ikinyang'anya jengo sharti libaki. Mkataba uwe na ulazima wa kuhuishwa. Pango lifuate kipato cha mpangaji, na karatasi zake zijibiwe ndani ya siku zilizotajwa. Kila mstari wa jedwali la fedha uandikwe nani hatimaye anaulipa. Mengine yote ni mapambo.

Kwa wazungumzaji wa Kiswahili wanaokaa katika nyumba za umma za Marekani, wakiwamo wakimbizi kutoka Kongo: barua yenye herufi RAD haina maana kwamba mmefukuzwa, wala haina maana kwamba mkae kimya. Mamlaka inapaswa kufanya mikutano na wapangaji kabla ya kuomba kuingia kwenye mpango. Nendeni, na ombeni mkalimani. Msitie saini karatasi ya kuhama kwa hiari kabla mwanasheria wa msaada wa kisheria hajaisoma, maana anayeondoka "kwa hiari" anaweza kupoteza haki ya kurudi. Tunzeni mkataba wa zamani, risiti za pango, na nakala ya kila karatasi ya kipato yenye tarehe iliyopokewa. Kipato kikishuka, peleka taarifa wiki hiyohiyo.

Kwa wanaopanga sera huku nyumbani, neno ni fupi zaidi. Buxton, Mombasa, palikuwa na nyumba 520 za kupanga za serikali ya kaunti. Zilibomolewa, wapangaji wakalipwa fedha za kuhamia kwingine, na mwendelezaji binafsi akajenga maghorofa ya kuuzwa. Nairobi mtaa wa Pangani, wa kaunti nao, ulipitia njia inayofanana. Kununua nyumba ni jambo jema kwa mwenye uwezo, na maghorofa mapya yanaonekana kwa macho. Ila huwezi kuliita hilo hifadhi ya nyumba za kupanga za umma, wala kulitetea kwa mfano wa RAD, kwa sababu sharti la kwanza la RAD ni kwamba nyumba inabaki ya kupanga, kwa pango linalofuata kipato, na yule aliyekuwamo anarudi. Hapa sheria ya nyumba za gharama nafuu ya Kenya ya 2024 inamkata mwenye ajira asilimia 1.5 ya mshahara. Anayekatwa ana haki ya kuuliza ni nyumba ngapi za kupanga za umma zilizokuwapo mwaka 2010, ngapi zipo leo, na zinakaliwa na nani.

Marekani kwenyewe mtihani mkubwa bado uko mbele. Mikataba ya miaka 15 iliyotiwa saini 2013 inafika ukomo 2028, na ile ya miaka 20 inafuata 2033. Baada ya mwaka wa kumi na tano wanunuzi wa nafuu ya kodi nao huanza kujitoa kwenye ubia, na umiliki hujadiliwa upya. Wizara italazimika kuihuisha mikataba, lakini fedha za kuilipa huidhinishwa na Bunge mwaka hadi mwaka kama zamani. Mtafiti anayetaka kuipima RAD ipasavyo asingoje miaka hiyo ifike. Achukue majengo yaliyoingia mwanzoni, aombe daftari za wapangaji za miaka ile kabla hazijatupwa ofisi zikihama, alinganishe na orodha ya wanaokaa humo sasa, na kwa kila jina lililopungua atafute sababu yake.